Kufuli ya sanduku la mama yake Abdi, na wanawake walio nyuma ya pazia

Ejok wakuu, nawasalimu Kiturkana. Hii sikusimuliwa, mikono ilikuwa yangu na jasho langu. Asiyeamini apite polepole.

Mimi ni fundi wa kufuli hapa Lodwar. Siku hiyo nilikuwa Kakuma kurekebisha milango ya ofisi fulani, nikaitwa na Abdi, Msomali muuza nguo. Mama yake alikuwa amefariki asubuhi.

Huyo mama alinunua sanda yake mwenyewe alipoenda Hija, akaifungia kwenye sanduku la chuma. Miaka yote aliwaambia wanawe: mnizike na hiyo. Sasa ufunguo hauonekani. Wanaume walikuwa wamepekua nyumba nzima, mpaka ndani ya gunia la mchele.

Msumeno uliteleza tu juu ya chuma. Grinder ya kukata chuma Abdi aliikataa. Mama anaoshwa chumba cha pili, pazia tu katikati, hakutaka kelele hiyo karibu naye. Ikabaki kuichokonoa kufuli kwa vifaa vyangu.

Kwa wasiojua: kufuli ya kawaida ina pini ndani. Unakaza kidogo silinda, ile sehemu inayozungushwa na ufunguo, huku unasukuma pini moja moja, zikikaa sawa silinda inazunguka. Hii ilikuwa na security pins, zile zenye kiuno chembamba. Zikinasa hapo kiunoni, silinda inazunguka kidogo halafu inagoma. Unadhani umefungua, kumbe umetegwa.

Nikategwa.

Abdi aliona silinda ikicheza, akawaambia wanawake kupitia pazia, "Sanda inakuja." Wakajibu Alhamdulillahi. Mimi nimeinama pale, kufuli haijaachia. Niliona aibu, siwezi kuficha.

"Bado," nikamwambia.

"Fundi, watu iko msikitini. Baada ya Alasiri tunaswalia yeye. Kama haiwezi, sema, nichukue kitambaa ingine kwa duka."

"Nipe nafasi kidogo."

Dawa ya pini hizo ni kulegeza mkono. Ukikaza kwa hasira zinazidi kung'ang'ania. Unasukuma pini, silinda inarudi nyuma, na unaiacha irudi, hata kama nyingine zitaanguka. Sasa wewe jaribu kulegeza mkono huku maiti anangojea nguo yake. Mimi moyo ulikuwa unaniambia kaza.

Nililegeza. Zingine zikaanguka, nikazirudisha taratibu.

Ikaachia.

Sanda ilikuwa imekunjwa vizuri, bado inanukia manukato. Abdi akalia mbele yangu bila kujificha, kisha akaipitisha kwenye pazia.

Mkono wa mama mmoja mzee kati ya waoshaji ukaipokea. Ukatoka tena, umeshika ufunguo kwenye uzi.

"Ilikuwa kiuno yake," akasema. "Tulitoa tukianza kuosha."

"Sasa kwa nini hamkusema?" Abdi akauliza.

"Hakuna mtu aliuliza sisi."

Mimi nilianza kukusanya vifaa vyangu, maana kazi niliyojivunia haikuhitajika.

Alizikwa na sanda yake siku hiyo hiyo. Nilitupa mchanga na wengine.

Tangu hapo, nikiitwa, kabla sijafungua begi nauliza: ni nani humu ndani hamjamuuliza? Wenye nyumba wengine hukasirika. Nawaacha wakasirike, lakini mara nyingi kuna mtu, na mara nyingi ni mwanamke.

Mafundi wenzangu, na hata nyinyi mnaosoma kimya kimya, hili limewahi kuwakuta? Uwanja ni wenu.