Chupa ya Kwanza Kufika Ziwani

Mvua ikikatika, kanivo ya Kadutu, ule mufereji wa mutaa wetu wa mulimani, hutoa harufu ya tope na kabichi iliyooza, na mimi nakuwa tena mutoto, miguu imelowa, chupa ya plastiki mikononi.

Madame, mwalimu wetu, alitaka watu wa mulimani waone uchafu wao unakwenda wapi. Kila mutoto alifunga alama yake kwenye chupa, tukazitupa zote mu maji ya kanivo, kisha tukashuka mbio mpaka ziwani. Kule wazazi walikuwa wanazingoja na wavu.

Mimi nilifunga kipande cha kikwembe cha mama. Mama alikuwa amepanda boti ya kwenda Minova, ng'ambo ya ziwa, na nyumbani hakuna aliyetaja tena kurudi kwake. Niliwaza kwamba ziwa ni moja tu. Akiona rangi yake ikielea, atajua ni mimi.

Chupa yangu ilitangulia zote. Wavu ukainasa.

"Hii iko ya nani?" Madame aliuliza, akiinyanyua juu. "Iko ya kwanza! Mumupigie makofi!"

Walipiga makofi, hata wachuuzi wa sambaza, samaki wadogo wa ziwa, waliokuwa kando. Mimi nililia.

"Mumuangalie," papa mmoja kati ya wazazi alicheka, "furaha inamushinda."

Madame akaitia chupa yangu mu gunia pamoja na zingine.

Leo, mvua imekatika, na binti yangu ameona chupa ikishuka kwenye kanivo. Ameinama, mukono tayari.

"Maman, niikamate?"

"Hapana," namwambia. "Acha ipite."