Ulaini wa Sikio

Jirani yangu, mpambaji wa keki, hakuwahi kununua fondanti ya dukani, ule mkando laini wa sukari wa kufunikia keki. Aliyeyusha jelatini kwa mvuke, akatia glukosi na matone ya gliserini, akaimimina kwenye sukari ya unga aliyoichekecha mara mbili, kisha akaikanda kwa viganja, vidole vimeinuka. Hakutazama saa. Aliminya donge, halafu bila kugeuka akanyoosha mkono na kuminya sikio la mumewe, ile nyama laini ya chini, naye mzee ametulia kwenye stuli anasoma gazeti. Ulaini wa donge na wa sikio ukilingana, fondanti iko tayari. “Siku sisimizi wakinila sikio, utamwambia nini mama yangu?” mzee alinung’unika, huku akiinamisha kichwa ili mkono ufike. “Nitamwambia hatimaye umekuwa mtamu.”

Alipomzika mumewe, aliacha kupamba keki mwaka mzima. Kisha mjukuu wake akaja na tarehe ya harusi: “Bibi, usiponipambia wewe, naolewa bila keki.” Siku ya kukanda nilikuwa nimempelekea sukari, nikaketi kwenye ile stuli ya mzee. Aliminya donge, akanyoosha mkono bila kugeuka, akakuta sikio langu. Mkono ukabaki hapo kidogo. “Lako gumu, jirani,” alisema. Akaongeza tone moja la gliserini, akafumba macho, akakanda muda mrefu. Alipoacha, hakugusa sikio la mtu. “Hapo,” alisema. “Hili sasa ni la mzee wangu.” Akalifunika donge kwa kitambaa kibichi, taratibu, kama lingeweza kuamka.