Neno la Kiingereza na Kidole cha Bibi

Jumamosi, tarehe 6 Desemba. Mvua ilianza alfajiri, ikakatika saa nne.

Harufu ya uyoga mbichi iliingia sebuleni pamoja na binti yangu Neema, mwalimu wa sekondari. Akaweka kikapu kando ya kamusi yake.

“Mama, Waingereza wana neno la zamani, ken. Ni kujua. Tena ni umbali ambao jicho linafika. Ila asili yake hasa ni kumfanya mwenzako ajue.”

Mimi niliishia darasa la saba, huenda sijalinukuu sawasawa. Lakini aliposema hivyo, Bibi alinijia akilini.

Nilikuwa na miaka tisa, likizo, kwa Bibi mzaa mama kule Goweko. Hakujua kusoma. Mimi nilikuwa wa kwanza darasani, na kijiji kizima nilishakiambia. Porini niliokota uyoga mweupe, mzuri kuliko wote. Bibi akautupa.

“Huo unaua.”

“Mbona umefanana na huu?”

Binamu yangu Kalunde akaangua kicheko. “Msomi wetu anabishana na pori!”

Niliona haya, haya ikageuka hasira. Bibi alipotupa kisogo, niliuokota tena, nikauchomeka kikapuni.

Nyumbani aliumimina uyoga kwenye ungo. Mkono wake ukapita juu yake, ukasimama. Akautoa ule ule.

“Nani?”

Kalunde akaninyooshea kidole. Simlaumu, alisema kweli. Nikangoja kofi. Bibi aliwatazama watoto sita waliozunguka chungu. Kisha akashika kidole changu, akakipitisha chini ya shina la ule wa sumu, halafu la ule mwema, akarudia, akarudia, mpaka nikashtuka: mashina hayakufanana hata kidogo!

“Umejua?”

“Nimejua, Bibi.”

Akaninawisha mikono, akamwaga ungo wote shimoni. Usiku ule tulikula ugali kwa chumvi. Wadogo hawakuambiwa kwa nini.

Miaka yote nilidhani alinisamehe tu. Kumbe alikuwa akinipa alichokuwa nacho.

Tofauti ile siwezi kuiandika. Nimejaribu mara mbili hapa, nimefuta. Basi nilimwita Neema jikoni, nikashika kidole chake. Uyoga mmoja wa kikapuni niliutilia shaka. Labda ulikuwa mzuri, tumeutupa.

Jioni tumekula ugali na uyoga wa karanga.