Riwaya za Upelelezi na Kikapu cha Baba Hamadi

Vilinuka ukungu, mafuta ya taa na uchafu wa mende, vile vitabu vidogo vya upelelezi alivyotuachia mjomba alipohama Msambweni kwenda kufanya kazi Matuga. Kurasa zilikuwa zimegeuka manjano kama zilizochovywa kwenye chai, na karibu kila jalada lilikuwa na mwanamume mwenye kofia anayechungulia mlangoni. Nilikuwa msichana wa miaka kumi na mmoja. Masika ile nilivisoma vyote, nimelala kifudifudi mkekani, mvua ikipiga makuti juu yangu. Vilinifundisha jambo moja tamu: hakuna mtu asiye na siri, na mpole kuliko wote ndiye wa kuchungwa. Nikaanza kuwaangalia watu mikono kabla ya nyuso.

Mpole kuliko wote nyumbani alikuwa Baba Hamadi, fundi cherehani aliyemwoa mama baada ya baba yangu kufariki. Kila Ijumaa baada ya sala alichukua kikapu kilichofunikwa kwa kanga, akapanda gari la Kikoneni, akarudi magharibi na kikapu kitupu. Nilimwuliza alikuwa akienda wapi. “Kutembea tu, mwanangu,” akasema, akatazama pembeni. Kikulacho ki nguoni mwako, nikawaza, nikaanza kuandika nyendo zake katika daftari.

Kisha Ijumaa moja betri ya kipaza sauti cha msikiti ikapotea. Baba Hamadi alikuwa akishonea kwenye kibaraza ubavuni mwa msikiti huo huo, na kwangu mimi kesi ilikuwa imekwisha. Nilimwonyesha daftari jirani yetu Bi Mize, huku nikijivuna. Ulimi hauna mfupa. Ijumaa iliyofuata wanaume watano walimsimamisha njiani, mbele ya watoto wa chuo cha Kurani. “Samahani, fundi, tufunulie kikapu,” mmoja akamwambia. Akakifunua bila kubisha. Ndani mlikuwa na viazi vitamu, sabuni, na magauni mawili mapana, yameachwa wazi mgongoni, ya kumvika mtu asiyeweza kuinuka. “Ni ya mama wa marehemu mke wangu wa kwanza,” akasema. “Hana mwingine. Aliniomba nisiyatangaze maradhi yake.” Mama alikuwa akijua siku zote.

Baada ya siku mbili betri ilirudi. Mlinzi wa msikiti alikuwa ameipeleka Ukunda kutengenezwa, akaugua huko huko. Hakuna aliyekuja kuomba radhi. Baba Hamadi alihamishia cherehani uani, na hakunipiga wala kunikemea. Aliniuliza tu, “Katika vitabu vyako, mwenye siri huwa mwizi kila mara?” Nililia.

Hadi leo nikifika Ukunda hununua vitabu vya aina ile, vilivyochakaa, kwa muuza mitumba. Navipenda kwa sababu niliyochelewa kuijua: ukurasa wa mwisho humtakasa kila aliyeshukiwa bure. Kundi la simu la mtaa wetu halina ukurasa huo. Asubuhi hutupwa picha ya mgeni, adhuhuri amekwisha kuwa mwizi, jioni watu wanazungumza mengine, naye kabaki na jina hilo. Mimi sasa najishuku mwenyewe kwanza. Mwaka jana nilipata moyo wa kumwomba Baba Hamadi msamaha. Aliendelea kutunga uzi kwenye sindano, macho yake yamedhoofika.

“Wewe nilikusamehe siku ile ile, ulikuwa mtoto,” akasema. “Wale watano ndio bado nawangoja.”