Siku Niliyompeleka Shemeji Shuleni Kama Mke Wangu

Sikukusudia kumsimulia mtu yeyote jambo hili, na kama si mke wangu kulitoa hadharani kwenye sherehe ya jirani, huku akiigiza sauti yangu na namna ninavyosimama, ningeondoka nalo duniani. Lakini kwa kuwa tayari mmesikia simulizi lake, ambalo amelitia chumvi nyingi, naona ni haki msikie na langu, ambalo kwa bahati mbaya linaniaibisha zaidi.

Mimi, kama mjuavyo, ni mwanafunzi wa uzamivu. Ninachunguza udongo wa mashamba ya pamba, kazi inayomzoesha mtu kupima kila kitu mara mbili kabla ya kufungua kinywa, na ndiyo maana (sisemi haya ili kujitetea) shule moja binafsi hapa Bariadi iliponitumia ujumbe kwamba binti yetu Limi, tuliyekuwa tukimwombea nafasi ya chekechea, afike kwenye usaili "akiongozana na wazazi wote wawili", sikuusoma ujumbe ule kama watu wengine wanavyosoma ujumbe wa simu. Niliusoma kama mkataba. Wazazi. Wote. Wawili.

Mke wangu ni muuguzi, na wakati ule alikuwa amepelekwa kwa muda kwenye zahanati moja upande wa Mwandoya, ambako hakukuwa na mtu wa kumshikia zamu. Nilipompigia, alinijibu bila hata kusita: "Baba Limi, nenda na mtoto, waambie mama yake yuko kazini, basi."

Mtu mwenye akili iliyotulia angeishia hapo. Mimi nilianza kujiuliza: je, ikiwa waombaji ni wengi kuliko nafasi, si hiki ndicho kigezo watakachotumia kutupunguza? Je, "yuko kazini" haiwezi kueleweka kuwa ni kutomjali mtoto? Nikaendelea hivyo mpaka nikawa nimejithibitishia kwamba nikienda peke yangu Limi atakosa shule, na akikosa shule ile atakosa msingi, na akikosa msingi (hapa nilifika mbali sana, na sitawaambia nilifika wapi). Ndipo nikamtazama Kabula, aliyekuwa jikoni akikoroga uji wa mtoto.

Kabula ni mdogo wake mke wangu. Alikuwa akiishi kwetu huku akijifunza ushonaji mjini, na wiki ile ilikuwa wiki yake kubwa, kwa sababu Jumamosi wazee wa upande wa Shija, fundi pikipiki ambaye alikuwa amependana naye kwa muda mrefu, walitarajiwa kufika nyumbani kwa kina Kabula, Ngulyati, kuposa na kuzungumzia ng'ombe wa mahari. Hilo nililijua vizuri, na bado nikamwomba aje nasi shuleni, akae tu, awe mama Limi kwa asubuhi moja.

"Shemeji, hapana," alisema bila kugeuka. "Watu wakiniona nimekaa mahali kama mke wako, Jumamosi nani atawaeleza?"

"Nani wa kukuona? Walimu wote wametoka mikoa mingine."

"Na wazazi wengine?"

"Watakuwa wanahangaika na watoto wao."

Akaendelea kukoroga uji. Kisha Limi akaingia na begi jipya mgongoni, begi ambalo alikuwa amekataa kulivua hata wakati wa kuoga, na nadhani ni begi lile lililomshinda nguvu, si hoja zangu. "Naenda kwa ajili ya mtoto," akasema. "Na usije ukanishika mkono."

Mvua ilikuwa imenyesha, na ule udongo mweusi wa mbuga (ambao ningeweza kuwaeleza mengi juu yake) ulinata kwenye viatu vyetu tangu tulipoteremka kwenye bajaji hadi getini. Njiani nilimfundisha Limi mchezo mdogo: leo asimwite Kabula "ma'mdogo", aseme "mama" tu. Akakubali kwa furaha, jambo ambalo lingenitia shaka kama ningekuwa na akili zangu zote.

Kwenye baraza ya madarasa walikuwa wamepanga mabenchi, na nilipoketi nikaona jambo lililonishangaza: karibu kila mtoto alikuwa amekuja na mama peke yake, na mwingine na bibi yake. Mtu mwingine angejifunza kitu hapo. Mimi niliwahurumia. Niliwatazama akina mama wale nikijisemea, masikini, hawakusoma ujumbe vizuri, watarudishwa wote.

Mama mmoja wa makamo, mnene kiasi, mwenye kitenge cha rangi ya machungwa na mjukuu mkononi, akaja kukaa karibu nasi. Nilimwamkia "shikamoo", akaitikia, kisha akamgeukia Kabula na kumwamkia kwa Kisukuma: "Mwangaluka, mayu."

"Mwangaluka," Kabula akajibu, na magoti yake yakakunjika yenyewe, kama anavyofanya msichana yeyote wa Kisukuma aliyelelewa vizuri akiamkiwa na mtu mzima. Mama yule akafurahi. Akatueleza kwamba mjukuu wake anaitwa Masunga, wazazi wake wanafanya biashara Mwanza, na yeye ndiye anayehangaika naye.

"Na wiki hii nimebanwa kwelikweli," akaendelea. "Jumamosi tunakwenda Ngulyati, mwanangu Shija anaposa."

Kabula akanifinya. Namaanisha alinifinya hasa, alama ilikaa.

"Mkwe mwenyewe sijamwona," mama Shija akasema. "Nilionyeshwa picha kwenye simu, lakini kwa macho yangu haya niliona kilemba tu. Nasikia ni binti mzuri. Kuna jambo moja tu linanikosesha raha." Akasogea, akashusha sauti. "Nasikia anakaa huku mjini kwa mume wa dada yake, na dada mwenyewe hayupo, yuko kazini mbali. Sasa baba, wewe ni mtu mzima. Shemeji na msichana, nyumba moja, dada hayupo. Wewe ungekuwa mimi ungelala?"

Nikasema (na sauti niliyosemea sikuitambua) kwamba nadhani ingetegemea shemeji mwenyewe ni mtu wa namna gani.

"Ndiyo hicho ninachotaka kukijua," akasema. "Nikisikia lolote baya, hizo ng'ombe zinarudi zizini. Na wewe mayu, nyumbani kwenu ni wapi?"

Kabula alifungua mdomo, na mimi, kwa hofu kwamba angesema kweli, nikawahi: "Songea. Ni wa Songea kama mimi. Hajui Kisukuma kabisa."

"Mbona ameniitikia?"

"Hiyo ya salamu ameokota sokoni."

Baada ya kuambiwa kwamba mke wangu hasikii lugha, mama Shija akajiona yuko huru, akamgeukia mwenzake aliyekaa upande wa pili wakaanza kutujadili mbele yetu kwa Kisukuma. Nasikia Kisukuma kidogo tu, lakini kilitosha kunifahamisha kwamba Kabula alisifiwa heshima yake na shingo yake, kwamba mimi nilifananishwa na redio kwa kumjibia mke wangu kila kitu, na kwamba masikini msichana yule lazima aliolewa kwa kulazimishwa. Kabula alikuwa ameuma upindo wa khanga yake. Sikujua kama anazuia kicheko au kilio. Baadaye aliniambia ni vyote viwili.

Nilijifariji kwamba tukishaitwa ndani tutaachana na mama yule. Lakini shule ile ilikuwa na utaratibu wake: watoto waliitwa wawili wawili, wakawekwa kwenye mkeka na kasha moja la vizibo vya soda vilivyopakwa rangi, ili walimu waone kama mtoto anajua kugawana na mwenzake. Na walioitwa pamoja, kwa kuwa walikuwa wameketi pamoja, ni Limi na Masunga.

Mwalimu mkuu, mwanamke mpole mwenye miwani, alituketisha sote watatu kwenye viti vya ukutani. Watoto wakacheza vizuri. Limi akachukua vyekundu, Masunga akachukua vya kijani, wakabadilishana. Nikaanza kupumua. Kisha Masunga, kwa utulivu wa mtu anayekula karanga, akatia kizibo mdomoni.

Kabula alikuwa wa kwanza kuona. Aliruka kutoka kwenye kiti akapiga kelele kwa Kisukuma, si neno moja bali maelezo kamili, yenye amri, onyo na jina la mtoto katikati, kwa lafudhi ile ya Ngulyati ambayo haiokotwi kwenye soko lolote. Mtoto, aliyezoea kukaripiwa kwa lugha ileile na bibi yake, alitema kizibo papo hapo.

Mama Shija akamtazama Kabula kuanzia kichwani hadi kwenye viatu vyenye tope.

"Ahaa," akasema taratibu. "Songea siku hizi wanakisema hivyo?"

"Ni maneno machache tu," nikasema. "Ya dharura."

"Ma'mdogo anajua Kisukuma chote," Limi akatusaidia, akiwa bado anapanga vizibo vyake. "Anaongeaga na bibi wa Ngulyati kwenye simu."

"Ma'mdogo?" akauliza mwalimu mkuu.

"Ngulyati?" akauliza mama Shija. Kisha, kwa sauti ndogo zaidi: "Jina lako nani, mwanangu?"

Kabula alikuwa ameshapiga magoti. "Kabula," akasema, akataja na jina la baba yake.

Hapo ndipo niliposimama. Nilitaka kueleza kwa mpangilio, maana niliamini (na hili ndilo linaloniuma zaidi) kwamba jambo likipangwa vizuri linaeleweka. Nikasema: "Naomba kufafanua. Kwanza, huyu si mke wangu. Pili, ni shemeji yangu, na tunaishi naye nyumbani." Nilikuwa na la tatu, la nne na la tano, na humo ndimo mlimokuwa na zahanati, zamu na ujumbe wa shule, lakini nilipofika la pili mama Shija alikuwa ameshamshika mjukuu mkono na kuuelekea mlango.

"Masunga, twende."

"Tatu," nikasema.

"Shemeji, nyamaza!" Kabula alikuwa analia sasa, machozi yanamtiririka bila sauti. Sikuwahi kumwona akilia. "Nyamaza, mpigie dada."

Nikampigia, nikaweka sauti ya juu ili pasiwe na siri. Mke wangu akapokea huku nyuma yake watoto wa kliniki wanalia.

"Vipi, mmemaliza?"

"Mama Limi, naomba uwaeleze kwamba Kabula ni mdogo wako, na kwamba nimekuja naye kwa sababu ujumbe ulisema wazazi wawili."

"Umekuja na Kabula kama nani?"

"Kama... mzazi wa pili."

"Umemfanya Kabula MKE?" Nyuma yake nikasikia mtu akiangua kicheko. "Baba Limi! Si nilikuambia nenda peke yako? Wiki ya posa! Nani yuko hapo?"

"Mama yake Shija," nikasema.

Mke wangu akaguna kama mtu aliyekanyaga mwiba. Mama Shija akarudi kutoka mlangoni, akaninyang'anya simu, akaizima ile sauti ya juu, wakaanza kuzungumza kwa Kisukuma. Walizungumza mpaka mwalimu mkuu akamletea Kabula maji. Sikuambulia kitu isipokuwa jina langu, lililojirudia, na kila lilipotajwa mama Shija alinitazama kama mtu anayekagua fahali mnadani bila kujua kama atamnunua. Kisha bega moja likamtikisika. Kisha yote mawili. Kisha akakaa chini kwenye kiti cha mtoto, akacheka mpaka akajifuta macho kwa kitenge.

"Inuka, mwanangu," akamwambia Kabula. "Umemtoa mjukuu wangu kizibo mdomoni, nitakudai nini tena?" Akanirudishia simu. "Na wewe baba, kaa chini. Hiyo tatu yako baki nayo."

Mwalimu mkuu, aliyekuwa amejizuia kwa heshima ya cheo chake, naye akashindwa. "Baba Limi," akasema alipopata pumzi, "ule ujumbe tuliuandika vile kwa sababu akina baba hawaji. Tukiandika mzazi, anakuja mama. Tukiandika wazazi, anakuja mama. Tukasema tuandike wote wawili, labda baba mmoja atapotea njia aje. Wewe ndiye baba wa kwanza kukaa kwenye kiti hicho leo. Ungekuja peke yako tungekupigia makofi."

Limi alipata nafasi, na Masunga pia. Lakini sikuwa na raha hadi Jumamosi, maana mama anaweza kucheka shuleni na wazee wasicheke Ngulyati. Walifika, wakaketi, wakasalimiana kwa kirefu kama wanavyosalimiana huku, na yakaanza mazungumzo. Nilikuwa nimeombwa na baba mkwe nikae nyuma na nisiseme lolote, ombi nililolitii kwa moyo wote. Ikafika mahali mjomba mmoja wa Shija, mzee mkavu asiyetabasamu, akakohoa akasema kwamba wao wamesikia binti amekuwa akiishi mjini kwa shemeji yake, na wangependa kujua habari za nyumba hiyo. Kabula, aliyekuwa mlangoni na wanawake, akainamisha kichwa. Mimi nilihisi udongo ukinifunguka chini ya kiti.

Mama Shija hakungoja upande wetu ujibu. "Hapo usijisumbue, kaka," akasema. "Nyumba ile haina siri. Mwenye nyumba nimemsikia akidanganya, kwa masikio yangu mawili, na hawezi. Hawezi kabisa! Angekuwa na baya lolote tungelijua kabla hajashuka kwenye bajaji."

Wakacheka wote, hadi mjomba, na mazungumzo yakahamia kwenye ng'ombe. Sijawahi kuchekwa na watu wengi kiasi kile, wala sijawahi kufurahi namna ile. Siku hizi ujumbe wa shule ukiingia kwenye simu yangu, nampa mke wangu ausome, nasikiliza atakachosema, kisha ninafanya hivyohivyo, na nikianza kufikiri, naenda kumwogesha mtoto.