Matundu Kwenye Nyasi za Clifford

Enid Ogden aliishi miaka arobaini na mmoja pembezoni mwa nyasi. Nyasi zenyewe zilikuwa za mumewe, Clifford, nyuma ya nyumba yao ya matofali huko Yorkshire, Uingereza, na kamba ya kuanikia nguo ilikuwa ng'ambo ya pili. Basi kila Jumatatu Enid alibeba beseni lake la nguo mbichi, akaambaa na ua, akakata kona ya kwanza, akakata ya pili, kama panya aliyeambiwa paka amelala katikati. Ukizipanga hatua zile moja mbele ya nyingine, angekwisha fika Yerusalemu, akaanika shuka, akarudi akaikuta chai yake bado ya moto.

Wapiganapo mafahali wawili, ziumiazo ni nyasi. Hayo ni ya kwingine. Kwa akina Ogden nyasi ndizo zilizoumiza watu.

Clifford hakuwa mlevi, hakuwa mzinzi, na mkono wake hakuuinua hata kwa nzi. Lakini mtaani walisema anasikia mnyoo akikohoa chini ya udongo, na kwamba paka wa jirani yao Doreen akifika mpakani huvua viatu. Kitu kimoja tu kiliruhusiwa kusimama katikati ya nyasi zile: mti wa matunda, mpeasi, alioupanda Enid mwaka ule mimba yake ilipoharibika, ya kwanza na ya mwisho. Chini yake palikuwa na benchi. Walilikalia mwezi wa Julai, siku mbili tatu, ardhi ikiwa imekauka kama biskuti. Baada ya hapo, marufuku.

Maana majani yakianza kupukutika, Clifford alishikwa na homa yake ya kila mwaka. Alizikata nyasi hadi ngozini. Akazikwangua kwa reki ya chuma, akitoa kile kimea laini kama sufi kinachozisonga chini kwa chini, mpaka uwanja ukabaki kama kuku aliyenyonyolewa. Kisha akachukua uma wa bustani, akawa anachoma, anatingisha, anachomoa, anarudi nyuma shibiri moja, anachoma tena, ili ardhi ipate pumzi. Akanyunyiza mchanga uliochanganywa na udongo wa kuchekecha. Akamwaga mbegu, nusu akienda kwa urefu, nusu kwa upana. Mwisho akazungushia kamba kwenye vigingi, akasimama mlangoni kama askari wa mfalme.

"Wiki sita," alisema. "Asikanyage mtu."

Mwaka wa arobaini na mmoja, mwezi wa Agosti, Enid aliteleza kwenye njia ya uani, pale kwenye mawe yenye utelezi, beseni likaenda huku naye kule, nyonga ikavunjika. Clifford aliita gari la wagonjwa, akamshika mkono muda wote, lazima aseme ukweli mwenye kumsema. Ila Doreen alimsikia kwa masikio yake akimwambia dereva, "Bahati nzuri alianguka upande wa ua."

Hospitali walimtia vyuma, wakamkalisha mwezi na zaidi. Kitandani pale, kati ya uji usio na chumvi na wauguzi wanaomwita "kipenzi" bila kumjua jina, Enid alitaka jambo moja tu: kukaa chini ya mpeasi wake kabla majani hayajaisha. Alirudi Oktoba mwanzoni na fremu ya chuma ya kutembelea, ya miguu minne. Njia ya uani ilikuwa nyembamba, fremu haipiti. Na Clifford alikuwa amemwaga mbegu jana yake.

"Cliff, nataka kwenda kukaa kwenye mti wangu."

"Utakaa, bibie. Nikishazikata mara ya pili."

"Mara ya pili ndiyo lini?"

"Katikati ya Novemba hivi. Jua likikubali."

"Novemba kuna majani gani, mzee? Nikakae chini ya fito?"

"Mti hauendi popote."

"Mti hauendi. Mimi je?"

Clifford alicheka, akidhani ni mzaha. Akamwekea kiti dirishani, mto mgongoni, kikombe mkononi. "Hapa ndipo pazuri," akamwambia. "Ukiwa kule huzioni nyasi vizuri."

Akakaa. Akahesabu majani. Jumatatu yalianguka kama ishirini, Jumanne upepo ukala nusu ya tawi. Akamwomba tena, mumewe akamtajia tarehe. Akamwomba mara ya tatu, akamletea kalenda.

Doreen akaja na keki ya tangawizi, akachungulia dirishani. "Shoga, mumeo amekutandikia bahari mlangoni."

"Bahari ina mashua."

"Nikubebe mgongoni?"

"Mgongo upi, huo? Tutaanguka tufe wawili, Clifford atuchekeche atufanye mbolea."

Walicheka mpaka keki ikawapalia. Doreen alipoondoka, Enid hakuwa anacheka tena.

Alhamisi Clifford alienda dukani kununua mchanga zaidi. Gari lilipopotea kwenye kona, Enid aliivua fremu mipira yake ya miguuni, yote minne, ili chuma kishike ardhi isiteleze, akaitia mfukoni mwa aproni. Kamba ya vigingi akaikata kwa mkasi wa jikoni. Akatoka.

Fremu mbele, ikazama kidole kizima. Hatua. Fremu mbele, matundu manne. Hatua. Mtoto wa kutambaa angeenda akarudi mara sita. Enid alitumia dakika ishirini, jasho linamtoka kwenye baridi, na alipolikalia benchi aliona yamebaki majani kama thelathini, ya manjano, na peasi moja chini, nyigu wameila ubavu. Akaifuta kwenye aproni, akala ubavu uliobaki. Ilikuwa tamu. Ndizo dakika kumi alizozipata.

Clifford alitokea na mfuko wa mchanga begani. Miaka arobaini na mmoja ya ndoa ilisimama pale mlangoni ikamngojea aseme neno. Alitazama chini kabla ya kumtazama mkewe.

"Enid! Nyasi zangu!"

Hakusema umefikaje, hakusema nyonga je.

"Njoo ukae, Cliff," alisema Enid. "Nafasi ipo."

"Usisogee! Hata unyayo mmoja! Naleta mbao!"

Maana watu wa nyasi wana hilo: ukilazimika kuvuka ardhi yenye mbegu, unatandika mbao upite juu yake, uzito utawanyike, udongo usigandamane. Clifford alikimbilia kibandani. Akatoa ubao wa kwanza, akaulaza taratibu kama analaza mtoto. Akatoa wa pili. Mvua ikaanza, ile ya kwao, inayoomba radhi kwanza halafu inaingia hadi kwenye uboho. Mbao zilitakiwa saba, zilikuwepo nne. Ikabidi asimame juu ya mmoja, aung'oe wa nyuma, aupitishe mbele, arudie tena.

"Cliff, nalowa."

"Naja, naja! Bado mbili!"

Doreen akafungua dirisha la juu. "Clifford we! Mwingize mkeo ndani! Hizo nyasi zitakupikia?"

"Usinipigie kelele, nitakosea!"

Dakika arobaini Enid alikaa kwenye mvua, mumewe akimjengea daraja la kuokoa nyasi. Alipofika, Clifford alimnyanyua kwa upole, akamtembeza kwenye mbao kwa upole, na njia nzima macho yake yalikuwa kwenye miguu ya fremu. Kesho yake Enid alimpigia simu dada yake Hilda, mjane anayeishi Whitby. Jumamosi akaondoka.

"Vizuri sana," alisema Clifford kwenye gari, "upepo wa bahari utakujenga. Ukirudi zitakuwa zimeota."

Hakurudi Novemba. Hakurudi Krismasi. Huko walimpa fimbo, na fremu ikawa ya kuanikia soksi. Kila Jumapili Clifford alipiga simu, akamweleza barafu ilivyozidi, na Enid akasikiliza, kwa sababu huenda Jumapili moja angesema jambo lingine.

Aprili sauti yake ilikuja juu, kama mtoto aliyeona tembo.

"Enid, hutaamini! Njiwa walizimaliza mbegu zangu. Nilipotandika mbao, kipara, hata unyasi hakuna. Lakini matundu yako! Mbegu zilitumbukia humo, midomo ya ndege haikufika, maji yakatulia. Zimeota nene, nne nne, kuanzia mlangoni mpaka kwenye mti. Uma wangu haujawahi kufanya kazi hiyo!"

Enid alingoja.

"Enid? Ile fremu bado unayo?"

Ndivyo alivyosema. Nje, shakwe walikuwa wanapigana juu ya paa la Hilda.

"Mpeasi umechanua?" aliuliza Enid.

Clifford alijibu polepole: "Sijatazama juu. Ngoja, usikate. Nakimbia nikatazame sasa hivi."

"Usikanyage nyasi, Cliff," alisema, akaweka simu chini.

Hilda, aliyekuwa akipaka tosti yake siagi, aliinua uso. "Anataka urudi?"

"Anataka fremu."