Nne, Saba, Nane na Nane

Mvua ikinyesha, kanisa letu lilinuka mablanketi mabichi, samli waliyojipaka akina mama na mbao za mabenchi mapya. Na kwetu Rungwe, kule juu mbali na mji wa Mbeya, mvua haipiti njia. Ikija huja na godoro lake, inalala wiki nzima. Bati la kanisa lilipiga kelele hata mchungaji akaonekana anafungua na kufunga mdomo tu, nasi watoto tuliokaa mikekani kule mbele tukabaki na kazi moja, kuangalia ubao wa nyimbo. Ubao huo aliuchonga baba yangu, fundi seremala na mzee wa kanisa, na kila Jumapili asubuhi ndiye aliyechomeka vibao vya namba ili waumini wajue wimbo wa kufungua ni upi na wa kufunga ni upi. Wakubwa waliona nyimbo pale. Mimi na rafiki yangu Subilaga tuliona mchezo.

Masharti ya mchezo yalikuwa machache na hayakuwa na huruma. Wimbo una tarakimu tatu. Zitumie zote, kila moja mara moja tu, ujumlishe, utoe, uzidishe au ugawanye upendavyo, mradi mwisho upate kumi. Wimbo 174 ulikuwa wa watoto wachanga: saba toa moja, ongeza nne, kwisha. Wimbo 386 ulitaka mtu atulie: sita gawanya kwa tatu ni mbili, mbili na nane ni kumi. Wimbo 295 ulinitesa mahubiri manne, hadi Subilaga aliponinong'oneza kwamba ule hauna jibu, ameshajaribu njia zote na hakuna hata moja inayofika. Aliyepata jibu kwanza alimfinya mwenzake paja. Basi niseme ukweli mapema, nisije nikausahau kwa makusudi: paja lililokuwa na alama za kufinywa lilikuwa langu. Subilaga alinishinda karibu kila Jumapili, na siku niliyomshinda mimi alikuwa na homa.

Mchezo huu hatukuupata shuleni. Shuleni tulipata jedwali la kuzidisha na fimbo. Ulitoka jikoni kwa bibi, mama yake baba, ambaye hakukubali mtoto wa mtu ahesabiwe. Kwake viazi vilihesabiwa, mikungu ya ndizi ilihesabiwa, lakini watoto, jamani, hata kuwanyooshea kidole ilikuwa marufuku. "Kifo ni mpelelezi," alituambia. "Kikisikia hesabu, kitakuja kuhakikisha." Kwa hiyo alipotaka ndizi za kuchoma zitutoshe watoto wa nyumba yetu, alinituma kwa mafumbo. Leo atasema, "Leta vidole vya mkono mmoja na macho ya mtu mmoja." Kesho, "Leta miguu ya ng'ombe wawili, utoe kichwa cha mmoja." Hakurudia fumbo, maana likizoeleka, alisema, ni sawa na kutaja. Nami nilikaa pale kwenye moshi wa kuni mbichi, machozi yananitoka, nikikokotoa. Subilaga, ambaye mama yake alikuwa amefariki na aliyeshinda kwetu kuliko kwao, alikuwa ameshaziokota ndizi zote kabla sijamaliza kufikicha macho. Baba aliyaita mambo hayo ushirikina na hakuchoka kumwambia bibi hivyo. Bibi naye hakuchoka kumjibu kwamba hata yeye hakuhesabiwa, na hebu ajitazame alivyonenepa.

Tulikuwa darasa la nne mwaka huo, miaka ya hamsini, na kwa msichana wa siku zile darasa la nne ndilo lilikuwa mwisho wa barabara. Shule ya kati ya wasichana, ya darasa la tano hadi la nane, ilikuwa Iringa, ya bweni, na kwa misheni yetu ilitolewa nafasi moja. Moja! Mwenye kuikosa angerudi kwenye jembe na kusubiri mchumba. Mimi niliitaka nafasi ile usiku na mchana. Subilaga naye aliitaka, ila hakuwa mtu wa kusema. Alilifua gauni lake, alilokuwa nalo moja tu, akalilaza chini ya mkeka lijinyooshe. Kisha wiki ileile ya kwenda Mbeya kuonana na mwalimu mkuu wa shule hiyo, surua ikaingia nyumbani kwetu. Mdogo wetu wa mwisho, Ambokile, ambaye hakuwa ametimiza mwaka, alilala mgongoni kwa mama macho yameshikana, mwili unawaka moto. Kijijini surua ilikuwa imeshazika watoto. Asubuhi ya safari bibi alinishika mkono, akaniambia maneno machache tu: "Huko uendako, idadi isikutoke mdomoni."

Tulikwenda kwa lori, tumekaa juu ya magunia ya viazi, baba na sisi wasichana watano wa misheni chini ya turubai moja. Mbeya ilitupokea kwa baridi yake, mlima Loleza umejifunika ukungu hadi kiunoni. Nilikuwa sijawahi kuona maduka yamepangana vile, wala mama wa Kiislamu aliyejifunga kanga akikaanga maandazi yenye iliki kando ya barabara, na harufu ile ilinifanya nimsahau mgonjwa wetu kwa muda, kisha nikajisikia vibaya kwa kumsahau. Baba alitununulia andazi moja moja. Subilaga alilila lake nusu, nusu nyingine akaifunga kwenye kitambaa ampelekee kaka yake.

Usaili ulifanyika katika chumba cha darasa tulichoazimwa. Tuliingia mmoja mmoja, na kwa kuwa mlango uliachwa wazi, sisi tuliobaki barazani pamoja na baba tulisikia kila neno. Mwalimu mkuu alikuwa mama wa Kizungu, mrefu, Kiswahili chake kimenyooka kuliko chetu. Kando yake alikaa msaidizi wake, Mwalimu Marta, Mhehe wa Kihesa, kulekule Iringa. Subilaga alitangulia mbele yangu. Akaulizwa jina, kijiji, na ndugu zake ni wangapi. Kwao walikuwa yeye na kaka yake tu, na wawili huonekana hata bila kuhesabiwa, kwa hiyo akasema, "Tuko wawili." Saba mara nane? "Hamsini na sita." Soma hapa. Akasoma bila kukwama. "Vizuri sana," yule mama akasema, na Subilaga akatoka ametazama chini, ila nilimjua, alikuwa anatabasamu.

Nikaingia mimi. Jina nikalitaja, kijiji nikakitaja.

"Ndugu mko wangapi nyumbani?"

Nilimwona Ambokile mgongoni kwa mama. Nikitaja, na nikirudi nikakuta amekwenda, nitamweleza nini mama?

"Mwanangu, ndugu zako. Wangapi?"

"Sita gawanya kwa tatu, ongeza tano, mama."

Akaweka kalamu chini. "Nimekuuliza swali rahisi."

"Kumi na nne gawanya kwa mbili," nikasema.

Uso ukamwiva. Akamgeukia mwenzake. "Huyu ama ana kiburi, ama hajui kuhesabu."

Mimi? Mimi sijui kuhesabu? Nililia palepale, kwa hasira zaidi kuliko kwa huzuni. Yule mama akamwita baba aingie. Baba akaja ameishika kofia kwa mikono yote miwili. Huyu ndiye mzee wa kanisa, mtu aliyesimama mbele ya waumini kuukemea ushirikina, na mimi nikashusha pumzi, nikajua sasa atataja yeye na mzigo utakuwa wake.

"Mzee, una watoto wangapi?"

Baba akakohoa. Akaitazama kofia. Akatazama dirishani, kule barabara inakoelekea kwetu. "Mama," akasema polepole, "chukua vidole vya mikono miwili, halafu utoe vitatu."

Loo! Mwalimu Marta aliangua kicheko mpaka akashika meza. "Hawa hawakufanyii kiburi, mama. Kwetu Kihesa bibi yangu angeikimbia nyumba kuliko kukujibu swali hilo. Mzee, kuna mgonjwa nyumbani?" Baba akaitika kwa kichwa. "Mdogo wao wa mwisho," akasema. "Surua." Mwalimu Marta akachukua chaki, akaandika ubaoni mafumbo yangu mawili na la baba chini yake, na mbele ya kila moja akaandika saba. "Nimesema mimi, mtu wa mbali," akamwambia baba. "Mgeni njoo, mwenyeji apone." Baba alitoa kitambaa akajifuta uso, na sikuwahi kumsikia tena akimwambia bibi kwamba ana ushirikina.

Mwalimu mkuu aliutazama ubao. Baadaye nilikuja kujua kwamba hesabu ndilo lilikuwa somo lake na penzi lake. Aliinuka, akafuta, akaandika 4, 7, 8 na 8, na chini yake 24. "Zote," akasema, "kila moja mara moja." Kumbe hata kwao watoto walicheza! Lakini mimi sikuwahi kupita tarakimu tatu. Nikazijumlisha, zikazidi kwa tatu. Nikasema nne mara nane ni thelathini na mbili, toa nane, ishirini na nne, nikataka kurukaruka, kumbe saba nimeiacha nje. Jasho likanitoka na ile baridi yote. Nikazitazama zile nane mbili kwa muda mrefu. Mbona zinafanana? Vitu viwili vinavyofanana, ukivigawanya, unapata nini?

"Nane kwa nane, moja," nikasema. "Saba toa moja, sita. Sita mara nne, ishirini na nne."

Yule mama alicheka kwa mara ya kwanza siku ile. Akaketi, akanivuta karibu. "Nani alikufundisha mchezo huu?"

Mlango ulikuwa wazi. Barazani, hatua nne kutoka pale, alikuwa amekaa mtu aliyenifinya paja Jumapili baada ya Jumapili. Ningeweza kusema, mama, muulize na yule uliyemtoa sasa hivi, yeye ananishinda. Maneno yalifika hadi kwenye meno.

"Bibi yangu," nikasema.

Nafasi ikawa yangu. Tuliporudi tulimkuta Ambokile ngozi inambambuka, anadai uji kwa makelele, na bibi akacheza ngoma peke yake uani. Baba alinichongea sanduku. Siku ya kuondoka Subilaga alilibeba kichwani hadi barabarani, njia nzima akiongea habari za mvua na mahindi, wala hakunilaumu kwa neno wala kwa jicho, na hilo ndilo lililoniuma. Mwenye kovu usidhani kapoa. Iringa nikaipenda, na miamba yake mikubwa na upepo wake, lakini usiku wa kwanza bwenini nililia, na siyo kwa kukumbuka nyumbani tu.

Likizo ya kwanza nilimfuata shambani. Alikuwa anapalilia viazi, mtoto wa kaka yake mgongoni. Nikamwambia waliniuliza nne, saba, nane na nane, ipatikane ishirini na nne. Hakuacha hata kupalilia. Jembe likapanda, likashuka, likapanda. "Zile nane ziue kwanza zibaki moja," akasema, "iondoe kwenye saba, halafu mara nne." Nilikaa chini kwenye tuta. Nikamweleza yote, hata lile jibu langu la mwisho. Alipalilia mpaka mwisho wa mstari, kisha akarudi.

"Nilisikia siku ileile," akasema. "Mlango si ulikuwa wazi? Na hukusema uongo, bibi yako ndiye aliyenifundisha na mimi." Akamweka mtoto sawa mgongoni. "Ila, wee! Kuanzia leo unaniletea nyingine. Zote unazofundishwa huko, uniletee. Usiponiletea ndipo nitakapokasirika."

Nikamletea. Miaka yote ya Iringa, kila likizo nilirudi na madaftari, naye aliyanakili kwa penseli akiwa amekaa kwenye gogo, akinisahihisha nilipokosea, na nilikosea sana. Mimi nikawa mwalimu wa hesabu mwenye cheti ukutani. Yeye hakupata cheti chochote, lakini yalipokuja madarasa ya watu wazima, yeye ndiye aliyewafundisha akina mama wa kijiji chetu kuhesabu, chini ya bati lilelile la kanisa. Watu wakiniambia nilichaguliwa kwa sababu ya akili, huwa nawajibu kwamba nilichaguliwa kwa sababu niliulizwa.

Leo kata yetu ina sekondari yake, na wasichana wanatoka nyumbani kwa miguu, wamevaa masweta, wanapiga kelele njia nzima. Hakuna lori, hakuna turubai, na hakuna anayekosa usingizi kwa kugombea nafasi moja. Wana simu zinazokokotoa kabla hujamaliza kuuliza, na baadhi yao kuzidisha saba kwa nane kunawatoa jasho; mimi huwagombeza, naam, sijaacha ukali. Lakini ndoto zao ni pana kuliko zetu, na hilo linanifurahisha hadi nasahau magoti yanayouma. Kila Ijumaa mchana mwalimu wao hutupa kipindi kimoja, sisi vikongwe wawili. Mimi naandika tarakimu ubaoni kwa sababu mkono wa Subilaga unatetemeka siku hizi. Yeye hukaa kiti cha mbele na mkongojo wake, na wala hawatazami wale wanaonyoosha mikono, huwatazama wasionyoosha. Ijumaa iliyopita nilikuwa nimeshafuta ubao na kukung'uta chaki niende zangu, akagonga sakafu kwa ule mkongojo.

"Bado," akasema. "Yule wa dirishani hujamuuliza."